Je, Nyumba ya Kulelea Watoto Ijiunge na Mpango wa Chakula?

Leo nasema hasa na akina mama, na akina baba wachache walio katika kazi hiyo, wanaokaa Marekani na kulea watoto wa watu mchana katika nyumba zao wenyewe. Kati yenu wapo wengi waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Mnajua kwamba katika mwaka wa serikali wa 2016 wakimbizi waliopokewa Marekani kutoka Kongo walikuwa wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Wengi wao walikuja na kazi mikononi, na kulea mtoto ni kazi mojawapo ambayo haikuhitaji kufundishwa upya, ingawa leseni yake ilihitaji karatasi nyingi.

Baada ya kupata leseni, mama huyu huambiwa habari moja: kwamba serikali inaweza kumrudishia sehemu ya gharama ya chakula anachowapa watoto. Jirani mmoja humwambia, "Jiunge upesi, hizo ni pesa za bure." Jirani mwingine humwambia, "Usithubutu, watakuingilia nyumbani na kukutia matatani." Wote wawili wamesema nusu ya jambo. Kazi yetu leo ni kulitazama jambo zima, ili kila mmoja aamue kwa hesabu yake mwenyewe wala si kwa maneno ya jirani.

MPANGO WENYEWE NI NINI

Mpango huu ni wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ulianza mwaka 1968 kama jaribio. Mwaka 1978 ukafanywa kuwa wa kudumu, na mwaka 1989 ukapewa jina ulilo nalo sasa, yaani Mpango wa Chakula cha Watoto na Watu Wazima walio katika Malezi. Wamarekani huuita kwa herufi zake, CACFP, nanyi mtaziona herufi hizo katika karatasi zote.

Fedha hutoka serikali kuu, hupita katika ofisi ya jimbo, kisha hufika kwa shirika linaloitwa mdhamini. Nyumba ya malezi haiwezi kujiunga peke yake; ni lazima iwe chini ya mdhamini. Mdhamini ndiye anayekufundisha, anayepokea hesabu yako kila mwezi, anayekutembelea na anayekuletea malipo. Shikeni neno hili: mdhamini hulipwa na serikali fungu lake la kuendeshea kazi, mbali na la kwako. Fedha ya chakula iliyokubaliwa kwa watoto wako ni yako yote. Mtu akikuambia kwamba atakata kidogo kwa ajili ya ofisi, mwambie akuonyeshe kanuni inayomruhusu, kisha uulize ofisi ya jimbo.

Jambo jingine la kushika ni kwamba kujiunga ni hiari. Leseni yako haitegemei mpango huu. Ukikataa leo, waweza kuomba mwakani. Ukijiunga na mdhamini asiyekufaa, waweza kuhamia kwa mwingine, ila kwa kawaida si zaidi ya mara moja kwa mwaka.

UTALIPWA KIASI GANI

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, maana humsikia mama mmoja akitaja malipo yake, nao hudhani kwamba watapata sawasawa na yeye. Tangu sheria ya mwaka 1996 nyumba za malezi zimegawanywa katika madaraja mawili.

Daraja la kwanza ni nyumba iliyo katika mtaa wa watu wenye kipato kidogo, au nyumba ambayo mlezi mwenyewe ana kipato kidogo. Mtaa hupimwa kwa shule ya hapo au kwa hesabu ya watu: ikiwa nusu ya watoto au zaidi wanastahili chakula cha shule cha bure au cha bei ndogo, mtaa huo umeingia. Kipato cha mlezi hupimwa kwa kipimo cha umaskini cha serikali. Kisizidi asilimia 185 ya kipimo hicho. Ukiingia kwa mtaa, kibali chako hudumu miaka mitano. Ukiingia kwa kipato, utathibitisha kila mwaka.

Daraja la pili ni nyumba nyingine zote. Hata hivyo, mlezi wa daraja la pili anaweza kumwomba mdhamini awapelekee wazazi fomu za kipato. Mtoto ambaye wazazi wake wana kipato kidogo atalipiwa kwa bei ya daraja la kwanza, ingawa nyumba yenyewe ni ya daraja la pili. Siri ya kipato cha mzazi hukaa kwa mdhamini. Si lazima mlezi aijue.

Sasa tutazame bei. Kwa mwaka ulioanza Julai 2024 hata Juni 2025, katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii, ambako bei ni kubwa zaidi, malipo kwa mtoto mmoja yalikuwa hivi. Daraja la kwanza: chakula cha asubuhi dola 1.66, cha mchana au cha jioni dola 3.15, kitafunio senti 93. Daraja la pili: asubuhi senti 60, mchana au jioni dola 1.90; kitafunio senti 26. Bei hizi hubadilishwa kila mwezi wa Julai, kwa hiyo muulize mdhamini bei za mwaka wako kabla ya kupiga hesabu. Kwa kila mtoto kwa siku hulipwi zaidi ya milo miwili na kitafunio kimoja, au mlo mmoja na vitafunio viwili.

Na watoto wako mwenyewe je? Hao hulipiwa ikiwa kipato cha nyumba yako ni kidogo kama tulivyosema, tena iwapo mtoto wa nje yupo naye anakula mlo ule ule. Siku ambayo watoto wa watu hawakuja, chakula cha wanao ni juu yako.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Chukueni karatasi na kalamu. Tuseme kuna mama anayelea watoto wanne, siku 20 kwa mwezi, naye huwapa chakula cha asubuhi, cha mchana na kitafunio kimoja. Tuseme kwamba leo, kabla ya kujiunga, chakula cha mtoto mmoja humgharimu dola 4 kwa siku. Watoto wanne kwa siku 20 ni dola 320 kwa mwezi, nazo zote zatoka katika ada anayolipwa na wazazi.

Akijiunga, atalazimika kuongeza maziwa na matunda ambayo pengine hakuwa akiyanunua kila siku. Tuseme gharama itapanda hadi dola 5 kwa mtoto, yaani dola 400 kwa mwezi.

Kama yu katika daraja la kwanza, atarudishiwa dola 5.74 kwa mtoto kwa siku. Kwa watoto wanne na siku 20 ni dola 459.20. Chakula chote kimelipwa, na zimebaki dola 59.20. Hapo mwanzo alikuwa akitoa dola 320 mfukoni. Basi faida yake ni dola 379.20 kwa mwezi.

Kama yu katika daraja la pili, atarudishiwa dola 2.76 kwa mtoto kwa siku, yaani dola 220.80 kwa mwezi. Atatoa mfukoni dola 179.20 badala ya 320. Faida yake ni dola 140.80.

Lakini hesabu haijaisha, maana kalamu nayo ina gharama yake. Tuseme kupanga milo, kuandika na kutunza karatasi kutamchukua nusu saa kila siku, yaani saa 10 kwa mwezi. Mama wa daraja la kwanza anapata karibu dola 38 kwa kila saa ya kalamu. Mama wa daraja la pili anapata dola 14 na senti 8. Sasa mfikirie mama wa tatu, wa daraja la pili, mwenye watoto wawili tu. Atarudishiwa dola 110.40, ataongeza gharama ya dola 40, na faida itakuwa dola 70.40. Kwa saa 10 hiyo ni dola 7 na senti 4 kwa saa. Hiyo haifikii hata dola 7.25, mshahara wa chini wa serikali kuu uliowekwa mwaka 2009.

Mwaona basi kwamba mpango ni mmoja, lakini jibu si moja. Tumieni namba zenu wenyewe mahali pa hizi zangu. Tazameni risiti zenu za mwezi mmoja, na kila mtu atajua amesimama wapi.

CHAKULA GANI KINAHESABIWA

Kanuni za sasa za chakula zilianza kutumika Oktoba 2017. Chakula cha mchana lazima kiwe na vitu vitano: maziwa, nyama au badala ya nyama, mboga, tunda, na nafaka. Badala ya tunda waweza kutoa mboga ya pili ya namna nyingine. Chakula cha asubuhi kina vitu vitatu: maziwa, nafaka, na tunda au mboga. Kitafunio kina viwili kati ya vile vitano.

Wengine huogopa kwamba watalazimishwa kupika chakula cha kigeni. Sivyo. Kuku, samaki, mayai na maharage huhesabiwa katika fungu la nyama. Hakuna anayelazimishwa kupika nguruwe, na nyama iliyochinjwa kwa sheria ya Kiislamu ni nyama kama nyingine. Maharage yaweza kuhesabiwa kuwa nyama au kuwa mboga, lakini si vyote viwili katika mlo mmoja. Sukuma wiki, lengalenga na kabichi ni mboga. Wali ni nafaka, na ugali wa mahindi pia, ila angalia mfuko: uwe wa nafaka isiyokobolewa au wa unga uliotiwa virutubisho. Tena kwa siku, angalau mara moja, nafaka iwe ile isiyokobolewa. Muhogo si nafaka. Usiandike ugali wa muhogo katika fungu hilo. Mwulize mdhamini chakula hicho atakipokea namna gani.

Mandazi na sambusa zina shida. Kanuni zinakataza kupika kwa kuzamisha chakula katika mafuta, na vyakula vitamu vya unga kama keki na donati havihesabiwi kuwa nafaka. Chapati ya kikaango, yenye mafuta kidogo, haina kizuizi hicho. Sisemi kwamba watoto wasionje andazi siku ya sikukuu. Nasema kwamba andazi hilo usiliandike katika dai.

Maziwa nayo yana sheria yake. Mtoto wa mwaka mmoja hupewa maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Kuanzia miaka miwili hata mitano hupewa yenye mafuta asilimia moja au yasiyo na mafuta, na yote yasiwe na sukari wala ladha ya kutiwa. Kwa mtoto wa miaka mitatu hata mitano kipimo cha mchana ni robo tatu ya kikombe cha maziwa, aunsi moja na nusu ya nyama, robo kikombe cha mboga, robo kikombe cha tunda, na nafaka kama robo kikombe cha wali uliopikwa. Mwaona kwamba si chakula kingi. Kinachotakiwa ni vitu vyote vitano viwepo mezani. Kama mtoto ana ugonjwa au ulemavu unaomzuia kula kitu fulani, karatasi ya mganga hufungua njia. Mtoto mchanga anyonyaye anahesabiwa pia, na hata mama yake akija kumnyonyesha nyumbani kwako, mlo huo waweza kuandikwa.

KALAMU NA MLANGO

Sasa tumefika kwenye mambo mawili yanayowatoa watu katika mpango: kuandika na kutembelewa.

Kila siku utaandika watoto waliokuja, mlo waliokula, na chakula kilichotolewa. Andika siku ile ile, wala si Jumamosi kwa kukumbuka. Kila mtoto awe na fomu ya kuandikishwa, yenye sahihi ya mzazi, na fomu hiyo hufanywa upya kila mwaka. Usidai watoto zaidi ya idadi ya leseni yako. Usimtoze mzazi fedha nyingine ya chakula kando ya ada. Karatasi zote zitunze kwa miaka mitatu baada ya mwaka wa hesabu kwisha.

Mdhamini atakuja nyumbani mara tatu kwa mwaka, na mara mbili kati ya hizo hatatoa taarifa. Atatazama jiko, karatasi na watoto waliopo. Najua kwamba kwa mtu aliyekimbia nchi yake, kubishiwa hodi na mtu wa ofisi si jambo dogo. Basi jueni haki yenu: anayekuja kwa kazi hii lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha. Kitazame kwanza, ndipo umkaribishe. Nawe una wajibu wako: kama utawapeleka watoto matembezini saa ya chakula, mwarifu mdhamini mapema. Akikuta mlango umefungwa na hukumwarifu, mlo ulioudai siku hiyo waweza kukataliwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuandika mtoto asiyekuwepo. Mara nyingi haanzi mwizi; huanza mtu aliyechoka. Mtoto amekuja siku nne, mlezi ameandika tano kwa mazoea. Au mzazi ni ndugu, naye husema, "Andika tu, dada, nani atajua?" Mdhamini hulinganisha hesabu yako na alichokiona, na aweza kumpigia mzazi simu. Kosa dogo hupewa nafasi ya kusahihishwa. Lakini mlezi aliyedai uongo na asiyejisahihisha huondolewa, na jina lake huandikwa katika orodha ya taifa ya waliokatazwa, ambako hukaa miaka saba, au hata zaidi kama hajalipa deni lake. Akihamia jimbo jingine, jina limekwisha kumtangulia. Dola tano za siku moja hazilingani na miaka saba.

Msisahau kodi pia. Malipo haya na gharama ya chakula huingia katika hesabu ya mwisho wa mwaka. Idara ya kodi inamruhusu mlezi wa nyumbani kutumia kiwango maalumu kwa kila mlo badala ya kukusanya kila risiti, lakini kiwango hicho pia kinataka kumbukumbu ya milo na watoto. Kwa hiyo hata asiyejiunga ana sababu ya kuandika. Mpelekee mtayarishaji wa kodi karatasi za mpango pamoja na nyingine, usimfiche.

BASI TUAMUEJE

Nawashauri hatua nne. Kwanza, iulizeni ofisi ya jimbo majina ya wadhamini wanaofika mtaani kwenu, na mmwulize kila mmoja: nyumba yangu ni ya daraja gani, malipo huja siku ngapi baada ya mwezi kwisha, na je, mna mtu anayesema Kiswahili au lugha nyingine ninayoielewa? Msitie sahihi karatasi ambayo hamkuisoma au hamkusomewa.

Pili, pigeni hesabu kama tulivyofanya, kwa risiti zenu.

Tatu, pimeni akiba. Malipo huja baada ya chakula kuliwa na dai kukubaliwa. Mwezi wa kwanza utanunua maziwa na matunda kwa fedha yako. Ikiwa huna fedha ya mwezi mmoja na zaidi, ianze akiba hiyo kabla ya kujiunga.

Nne, na hii ndiyo muhimu kuliko zote, jaribuni kuandika kwa wiki mbili kabla ya kusaini chochote. Nunua daftari. Kila siku andika watoto waliokuja na walichokula, kabla hujalala. Baada ya siku 14 litazame daftari. Kama kila ukurasa umejaa, mpango utakufaa. Kama zimebaki kurasa tupu, usijiunge bado. Tafuta kwanza saa ya kuandika, au mtoto wako mkubwa akusaidie kusoma fomu, kisha ujaribu tena. Mwandishi wa daftari awe wewe mwenyewe, maana wewe ndiwe utakayeulizwa.

Kwa maoni yangu, mlezi wa daraja la kwanza mwenye watoto watatu au zaidi, aliyelijaza daftari lake, asikae nje ya mpango huu. Fedha anayoiacha ni maziwa na matunda ya watoto, na mara nyingi ni watoto wa majirani ambao wazazi wao hawawezi kuongezewa ada. Mlezi wa daraja la pili mwenye watoto wachache asione haya kukataa, au kungoja hadi watoto waongezeke. Na yule ambaye daftari lake ni tupu, asijiunge kwa sababu ya shida ya fedha, maana shida ya fedha ndiyo inayomvuta mtu kuandika yasiyokuwapo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumba yako yaweza kuwa ya daraja gani, na utalithibitisha kwa mtaa au kwa kipato?

2. Andika chakula cha mchana cha siku tano, cha kwetu, chenye vitu vyote vitano. Ni kitu gani kinachokosekana mara nyingi?

3. Mzazi ambaye ni ndugu yako anakuomba umwandike mtoto aliyekuwa mgonjwa nyumbani. Utamjibuje bila kuvunja udugu?

4. Faida yako ya mwezi ukiigawa kwa saa za kuandika, ni dola ngapi kwa saa?

Yajibuni pamoja, na daftari zenu zikiwa mezani. Kwa herini, wasikilizaji, hata somo lijalo.